Mimi si wa Kusomewa

Bububu, Unguja
7 Mei 2024

Kwa Doto, pacha wangu na mdogo wangu,

Salamu zangu zianze kwako, zimpitie mwanao Abdulhakim na mkewe Faiza, kisha zirudi kwako tena, maana barua ni yako. Mimi mzima kupita kiasi. Paa halivuji, mbuzi kazaa, na mabega yangu bado ya kijana. Nnakuandikia kwa mkono wangu kwa sababu simu na wewe hamuelewani tena. Mimi huku nnapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje wakidhani pana moto, wewe huko unauliza, "Nani? Nani?" Masikio yako yamezeeka kabla ya mwenyewe. Mimi niliyekutangulia kutoka tumboni nnasikia hata paka akipita juu ya bati.

Yale maneno yako ya kila siku, kwamba niuze nyumba nihamie Dodoma kwa kuwa tangu mke wangu Wanu alipofariki sina wa kunipikia, jibu lake ni lile lile. Sihami. Mtu wa Bububu akakae pahala pasipo na bahari, ale nini? Vumbi?

Sasa habari yenyewe. Hapa kwetu pamefunguliwa chuo kipya, wanakiita chuo cha jamii. Jana nimepita nikaona turubai limefungwa, viti vimepangwa, watu wamejaa. Nikasema, ala! Hawa wanafungua chuo na mimi hawakunialika? Maulidi gani yaliwahi kusomwa Bububu bila ya Kurwa? Nikarudi nyumbani, nikavaa kanzu ya darizi na koti, nikajifukiza udi kidogo, nikenda.

Mlangoni nimemkuta msichana mmoja, jina lake Ilham, adabu tele. Kaniamkia, kanipa kiti, kaniuliza, "Babu, umekuja kusoma?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nnasoma tangu mama yako hajazaliwa. Tena bila ya kitabu."

Alifurahi huyo, mpaka akawaita wenzake waje wanione. Kisha akauliza, "Na ungependa nini, babu? Umeme, ushoni, kompyuta au mapishi?"

Hapo sikumfahamu sana, lakini nikaona vijana wanapanga shughuli yao. Nikamjibu, "Mapishi, mwanangu. Watu wakishasoma lazima wale." Wakacheka wote, wakaniandika jina, wakanipiga picha, wakanipa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Doto, maulidi yote niliyosoma maisha yangu sijapewa kitambulisho! Wamesema nianze Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kusoma maulidi asubuhi si kawaida, lakini chuo ni chao, mimi nnakwenda kusoma tu.

Basi, niandikie. Na ukiandika anza na shikamoo, usijitie kusahau.

Mimi mkubwa wako,
Kurwa bin Mcha


Dodoma
22 Mei 2024

Kaka Kurwa,

Shikamoo yako hii hapa, ingawa huo ukubwa wako ni wa muda wa kuchemsha chai. Huku hatujambo. Baridi ya asubuhi imeanza, nnavaa soksi kama mchezaji mpira. Abdulhakim na Faiza wanatoka alfajiri wanarudi magharibi, kazi ya serikali haina huruma. Mimi sina tabu. Nna chai yangu, nna mkate wangu wa boflo, nna televisheni yangu.

Barua yako imenichekesha mpaka miwani ikaanguka. Nikaiokota, nikaisoma tena, nikacheka upya.

Kurwa, hapakuwa na maulidi. Chuo tulichosoma sisi kilikuwa cha mkeka, msahafu na bakora ya mwalimu. Hicho cha hapo Bububu ni chuo cha kujifunza kazi. Huyo msichana alipokuuliza kama umekuja kusoma, alitaka kujua kama unataka kuwa mwanafunzi. Na wewe ukamtolea kifua! Umeshaandikishwa, kaka. Wewe sasa ni mwanafunzi wa mapishi. Wewe, ambaye marehemu Wanu alikupiga marufuku jikoni tangu ulipobandika birika tupu mpaka likayeyuka mdomo.

Nenda kawaambie hao watoto kuwa hamkufahamiana. Ama, hapana, usende kuwaambia. Nimefikiri, nikaona nikupe ahadi. Ukikaa humo mpaka mwisho ukapata cheti, mimi neno la kuhamia Dodoma silitamki tena, wala Abdulhakim halitamki. Mtu anayejipikia hana haja ya kuhamishwa. Lakini ukiacha njiani, unafunga mlango unakuja. Chumba kipo, nshakitia pazia la kijani.

Na usinijibu kuwa ulikuwa unajua.

Pacha wako,
Doto


Bububu
12 Juni 2024

Kwa Doto,

Salamu kwako na wote waliomo humo ndani. Mbuzi mdogo ameanza kuruka. Mvua zimekwisha, muhogo umeshiba. Mimi afya yangu inawaudhi wenye wivu.

Nilikuwa nnajua. Mtu mzima kama mimi aingie mahala asijue anakwenda kufanya nini? Nilimwacha yule mtoto aandike ili nione atafika wapi. Na ahadi yako nimeikubali. Mwambie Abdulhakim hilo pazia alitoe, afanye kitambaa cha meza.

Sasa sikiliza nikupe habari za chuo. Tuna mwalimu wetu, Mwalimu Zahabiya, Bohora wa Mjini, mwembamba, mkali, akisema neno moja darasa zima linanyamaza hata sufuria. Siku ya kwanza alinitazama na kanzu yangu, akasema, "Mzee Kurwa, hii itashika moto." Nikamwambia kanzu hii imepita mioto mikubwa kuliko hii. Akanipa aproni nyeupe, nikaivaa juu ya kanzu. Watoto wamesema nimependeza. Kweli, nimependeza.

Humu kila kitu kina kazi yake. Ubao wa kukatia samaki hauruhusiwi kukatia nyama, na wa nyama hauruhusiwi kukatia mboga. Kisu ukikiacha ndani ya maji ya sabuni unafukuzwa. Mikono tunaosha mara nyingi kuliko tunavyotia udhu. Mimi hayo yote nimeyapata mara moja, ndiyo maana nimefanywa kiongozi wa darasa. Wapo wanaosema nimechaguliwa kwa sababu nnafika wa kwanza na nnafungua madirisha. Waache waseme.

Ilham alinitembeza kote. Juu wanasoma umeme, pembeni wanasoma ushoni, na nyuma pana chumba cha kompyuta kina baridi kama huko kwenu. Akanionesha na dakhalia, wanapolala wanafunzi wa mbali, akauliza kama nitahitaji kitanda. Nikamwambia mimi nna kitanda changu cha mninga, na nyumba yangu naiona kutoka hapa. Kisha akanipeleka ofisi wanayoiita huduma za wanafunzi. Mwanafunzi akiwa na shida yoyote, ya macho, ya nauli, ya nyumbani, anakaa pale anaisema na wao wanaitafutia dawa. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sina shida. Lakini wengine wenye shida ukitaka nizungumze nao, niite."

Wiki iliyopita tumepika chapati. Yangu Mwalimu Zahabiya aliishika akaigonga mezani. Akasema ni ngumu. Mimi nnasema ni imara.

Mkubwa wako,
Kurwa


Dodoma
30 Juni 2024

Kaka Kurwa,

Shikamoo, bwana chapati imara. Ukipika nne zaidi utaezeka banda la mbuzi.

Idi tumeila salama. Faiza alikuwa zamu kazini na Abdulhakim kasafirishwa kikazi, kwa hiyo palikuwa na utulivu mzuri. Nilivaa dera langu jipya, nikakaa barazani. Jirani mmoja aliniletea zabibu. Samaki wa huku wanatoka kwenye friji, wana uso wa mtu aliyenyimwa visa. Lakini sina tabu, usiniulize.

Wewe niambie, viazi umefikia? Mkate wa kumimina je? Nnauliza kwa sababu nnataka kujua mapema kama nitatoa pazia au nitanunua na godoro. Wala usinifiche kitu. Ukiwa na jambo la kuficha barua zako zinakuwa fupi, na mistari inapanda juu kama inakimbia.

Ndugu yako,
Doto


Bububu
11 Agosti 2024

Kwa Doto,

Salamu. Sote wazima. Nimechelewa kujibu, kalamu ilikwisha wino.

Nnafikiria kuliacha hili jambo la chuo. Si kwa sababu nimeshindwa. Pweza wa nazi nimempika mimi mpaka walinzi walikuja dirishani. Mkate wa kumimina umepanda, haukuanguka. Mwalimu Zahabiya alikula kipande, akakata cha pili, na yule mwanamke hasifu mtu. Kwa mkono mimi nshakuwa mpishi. Lakini chuo chenyewe kidogo, watoto wana kelele, na Dodoma nayo ni Tanzania. Godoro nunua la pamba. Mwisho wa mwezi nnakuja. Umeshinda, furahi.

Nshafunga barua nikaifungua tena, kwa sababu nnakujua. Utauliza.

Walitupa mtihani wa majaribio, wa karatasi. Wanasema cheti hakitoki kwa chungu peke yake, lazima na maandishi, mambo ya usafi na kuhifadhi chakula. Doto, karatasi ile ina herufi ndogo kama mayai ya sisimizi. Herufi za msahafu, tunazoandikiana barua, nnaziona hata kwa mwanga wa kibatari, lakini hizi za skuli mimi na wewe tunajua nilizipata wapi, ulinifundisha wewe kwa mkaa ukutani, tukapigwa wote wawili. Nikawa nnalifungua neno moja, nikilifungua la pili la kwanza limeshafunga. Wenzangu wakatoka, nikabaki mimi na swali la mwanzo. Na jibu lake nilikuwa nnalijua! Lilikuwa linauliza wali uliolala ufanywe nini.

Ilham akaniita ile ofisi yake. Akafunga mlango, akasema kwa upole, "Babu, hapa chuoni ipo huduma. Mtu atakaa na wewe, atakusomea maswali, wewe utajibu kwa mdomo na yeye ataandika. Ni haki yako, wala hapunguziwi mtu alama."

Nilisimama, Doto. Nikamwambia, "Mimi? Nisomewe? Anayesomewa ni mgonjwa au maiti. Mimi ndiye nnayewasomea watu. Bububu nzima nimewasomea." Nikatoka. Aproni nimeiacha juu ya meza yake.

Basi. Usimwambie mtu.

Kurwa


Dodoma
20 Agosti 2024

Kurwa,

Leo salamu nimeziweka kando, na shikamoo pia, utaipata ukiistahiki.

Ningeweza kunyamaza. Barua yako ilipofika nilikuwa peke yangu, nikaisoma, nikaenda nikasimama mlangoni pa chumba chako nikatazama lile pazia. Hakuna anayejua umeniandikia nini. Ningenunua godoro, mwisho wa mwezi ungekuja, na mimi ningekuwa na mtu wa kugombana naye mchana kutwa. Nimefikiri hayo kwa muda mrefu kuliko inavyonipasa. Kisha nikatafuta kalamu.

Hebu nikuulize wewe msomaji mkubwa. Ulipomsomea marehemu mzee Ismail wa pale msikitini, wakati bado yuhai na macho yake yamekwisha, alikuona mjinga? Au alikuona mtu wa kheri? Watu wangapi umewasomea na wao wenyewe wanajua kusoma? Ukiwasomea wewe ni heshima, ukisomewa wewe ni maiti. Hesabu gani hiyo?

Na tena si kweli kuwa ni wagonjwa na maiti tu. Mama alitusimulia, Mungu amrehemu, kwamba siku tuliyozaliwa baba aliingia akakuchukua wewe kwanza, kwa huo ukubwa wako, akakuadhinia sikioni. Kisha akanichukua mimi. Hukumwambia, "Baba, weka, nnaijua mwenyewe." Ulinyamaza ukasikiliza, na baba alisema hujapata kuwa na adabu kama siku ile.

Nenda kachukue aproni yako. Ukija huku kwa kushindwa na herufi, sitakufungulia. Nnasema kweli. Utalala kituoni.

Doto


Bububu
17 Septemba 2024

Kwa Doto, pacha wangu,

Salamu zangu leo ni nyingi, zigawe kwa majirani mpaka huyo wa zabibu. Maulidi ya mwezi huu nimeyasoma na sauti imefika mpaka barabarani. Mbuzi wote wazima.

Barua yako niliisoma nikakasirika, nikailaza chini ya mto, nikaamka nikaisoma tena. Nikenda chuoni. Ilham alinitazama tu, akafungua kabati, aproni imefuliwa na kupigwa pasi. Nikamwambia, "Nimekuja kwa mambo ya ile huduma. Dada yangu ananisumbua." Akasema, "Mwambie dada yako ahsante."

Siku ya mtihani tukawekwa chumba cha peke yetu. Msomaji alikuwa yeye mwenyewe. Akaanza kusoma, nikamsimamisha. Nikamwambia, "Mwanangu, unasoma kama unakimbizwa na mbwa. Vuta pumzi kwenye nukta. Neno la mwisho lishushe, usilitupe." Akasema, "Sawa, babu." Swali la pili akalisoma vizuri zaidi, la tatu vizuri kabisa. Mimi nikafumba macho, nikasikiliza. Doto, sikujua kama kusikiliza kuna raha namna ile. Maswali yalikuwa mepesi! Samaki aliyeyeyuka harudishwi kwenye barafu. Mwenye kuhara hakaribii jikoni. Wali uliolala, nikamweleza mpaka akachoka kuandika. Akasema, "Babu, walitaka mstari mmoja tu." Nikamwambia wao wanataka mmoja, mimi nnao mingi.

Kesho yake mtihani wa chungu. Nimepika wali wa nazi, mchuzi wa samaki changu na mchicha. Mwalimu Zahabiya alionja, akaandika, akaonja tena, kisha akalamba kijiko! Mwalimu wa usafi! Nikamwambia, "Mwalimu, kijiko hicho kiende kikaoshwe." Darasa zima liliinama chini ya meza kwa kicheko, na yeye mwenyewe alicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Nimefaulu. Jina langu limebandikwa ukutani, Kurwa Mcha, na mimi nimelisoma mwenyewe, polepole, mbele ya watu. Mahafali ni Novemba.

Kwa hiyo sihami. Ahadi ni ahadi, na wewe neno lile usilitamke tena.

Lakini lipo jambo. Juzi nimezitoa barua zako zote nikazisoma moja baada ya moja, kwa kuwa nilikuwa nnafurahia kushinda. Nikaona kitu. Wewe Doto, ambaye tangu mtoto ukirudi harusini unasimulia chakula kuliko bibi harusi, Idi nzima umeniandikia dera, zabibu na uso wa samaki. Mchele hukuutaja. Nyama hukuitaja. Mchana kutwa huko ni chai na boflo na televisheni. "Sina tabu, usiniulize." Mimi nimekuwa nasomewa nusu barua tangu mwezi wa tano, na nusu yake ya pili ndiyo kubwa.

Basi nnakuja. Usiseme nimeshindwa, tiketi ya kurudi nshakata. Sihamii. Nnakuja kukupikia mpaka ushibe, na nikikaa nitakufundisha, maana mwanafunzi mwenye cheti anaruhusiwa kusomesha. Jumanne ya tarehe moja nnavuka na boti ya asubuhi, kisha napanda hiyo treni mpya. Nnakuja na nazi, ndimu, bizari, papa mkavu na mbao mbili za kukatia, moja ya samaki peke yake. Mwambie Faiza, Mungu amlipe kwa kazi yake, jikoni aingie kama mgeni. Na Abdulhakim asinipokee begi la vyombo, vina mpangilio.

Mkubwa wako,
Kurwa bin Mcha
Mpishi


Dodoma
25 Septemba 2024

Kaka Kurwa, shikamoo.

Ni kweli. Sili vizuri. Simwambii Abdulhakim kwa sababu anajitahidi, na kupika chungu kizima kwa mtu mmoja kunanikatisha hamu. Nakaa na chai mpaka warudi usiku.

Nazi ziwe nyingi. Na umlete changu mbichi kama boti itakubali, mtie barafu, usimyeyushe.

Nitakuwepo kituoni mwenyewe.

Doto